Mkebe wa Sarafu za Mzee: Kutambua Fedha Halisi na Kuijua Thamani Yake

Mama mmoja wa Ahero alinijia na mkebe wa Kimbo umejaa sarafu za marehemu baba mkwe wake. Alikuwa ametoka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu hapa Kisumu, ambaye aliuinua mkebe kwa mkono mmoja, akautikisa, akamtajia bei ya kilo. Hakumwaga hata sarafu moja mezani. "Mwanangu," mama akaniambia, "yule alitaka kuninunulia kelele za mkebe."

Tulizimwaga sisi, na zikatuchukua alasiri nzima. Nitaeleza tulivyofanya kwa mpangilio ule ule tulioufuata: macho kwanza, halafu mizani, halafu maji. Asidi huja mwisho kabisa, tena mkononi mwa sonara.

Lugha yetu nayo ina mtego wake. Fedha ni pesa, na fedha ni madini yale meupe. Basi mtu akirithi fedha za babu hudhani amerithi madini, kumbe nyingi ni shaba na nikeli.

Vifaa, na onyo moja

Utahitaji lenzi ya kukuzia, sumaku (ya ndani ya spika mbovu inatosha), kikombe cha plastiki, uzi wa kushonea, daftari, na mizani ndogo ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, yaani 0.01. Hiyo ndiyo mizani ya watu wa vito. Ile ya jikoni inayoruka gramu nzima nzima haikufai hapa.

Onyo lenyewe: usisugue. Miaka ya nyuma nilipata florini ya 1920, imeiva weusi mzuri wa kizee. Nikaichukulia ndimu na majivu, kama tulivyofundishwa kusugua sufuria, ikang'aa mpaka nikaitumia kujitazama meno. Mkusanyaji wa sarafu niliyempelekea aliigeuza mara moja tu chini ya lenzi, akaona mikwaruzo, akanipa bei ya madini peke yake. Weusi ule ni ngozi ya sarafu. Ukiuchubua haurudi, na mkusanyaji anautambua mchubuko hata miaka ishirini baadaye. Ikiwa ina tope, iloweke kwenye maji safi, ikaushe kwa kuigusagusa na kitambaa laini, basi.

Toa kwanza zisizo na kitu

Sarafu zote zenye tundu katikati ziweke kando. Ndururu na otonglo, zile zilizokuwa zikifungwa kwenye uzi kama samaki, hazikuwahi kutengenezwa kwa fedha. Mkebe wa mama ulikuwa na zaidi ya mia. Kisha toa sarafu za Jamhuri zilizoanza kutolewa mwaka 1966, zenye picha ya Mzee Kenyatta na waliomfuata. Zile za kutumia sokoni hazina fedha, hata ziwe nyeupe namna gani.

Kwa hatua hiyo moja mkebe ulipungua robo tatu, na mama akaanza kununa. Nikamwambia asubiri.

Soma mwaka na maandishi

Shilingi ya Afrika Mashariki ndiyo inayochanganya watu wengi zaidi huku kwetu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Ni ile yenye simba aliyesimama mbele ya milima, na upande wa pili kichwa cha mfalme. Zilizotolewa kuanzia 1921 hadi 1946 zina fedha sehemu 250 kati ya 1000, yaani robo. Kuanzia 1948 wakaacha kabisa, wakatumia shaba na nikeli. Simba ni yule yule, milima ile ile, ukubwa ule ule, na uzito wake unakaribiana mno. Ukiziweka mbili kwenye mizani, ya 1944 na ya 1949, unaweza kuapa ni pacha.

Mwaka ukiwa umefutika, angalia maandishi yanayomzunguka mfalme. Penye herufi IND: IMP:, ambazo ni kifupi cha Kilatini cha kusema kwamba yeye ni mfalme mkuu wa India, hiyo ni ya fedha. India ilijipatia uhuru wake mwaka 1947, cheo kikaondolewa kwenye sarafu, na sarafu iliporudi kiwandani mwaka 1948 ikarudi bila cheo na bila fedha. Kwa shilingi na sumni (nusu shilingi), herufi hizo sita zinakwambia zaidi kuliko mizani. Lakini usizitumie kwa sarafu zenye tundu: nazo zinazo, na hazina fedha.

Rangi pia husaidia. Shilingi yenye robo ya fedha, kwa kuwa sehemu iliyobaki kubwa ni shaba, ikichakaa hutoa wekundu au umanjano kwenye sehemu zilizoinuka, hasa mgongo wa simba na shavu la mfalme. Ile ya nikeli hubaki kijivu cheupe mpaka mwisho.

Herufi ndogo za H, I au SA utakazoziona ni alama za kiwanda: Birmingham, Bombay na Pretoria. Hazibadilishi kiasi cha fedha, ila ziandike daftarini, maana mkusanyaji atauliza.

Sumni inafuata mkondo huo huo: ya miaka ya 1921 hadi 1924, na ya Mfalme George wa Sita kabla ya 1948, ina robo ya fedha.

Kabla ya shilingi kulikuwa na florini, iliyoingia mwaka 1920 na kuondolewa upesi sana kuipisha shilingi. Ina neno FLORIN juu yake, uzito wake gramu 11.66, nusu yake fedha. Na kabla ya florini ilikuwa rupia. Reli ilipofika hapa mwaka 1901, wakati Kisumu ikiitwa Port Florence, mishahara na bidhaa za madukani zilihesabiwa kwa rupia ya India. Ndiyo maana hadi leo unaweza kuikuta rupia ndani ya kuta za udongo huko Siaya au Butere. Rupia ya India hadi mwisho wa miaka ya 1930 ina fedha sehemu 917 kati ya 1000. Za 1940 hadi 1945 zilishushwa hadi nusu, kwa sababu ya vita, na ya 1947 ni nikeli. Mkebe wa mama ulikuwa nazo mbili: ya 1907, yenye Mfalme Edward asiye na taji, na ya 1944. Kwa macho zinafanana thamani. Kwa kweli moja ni karibu mara mbili ya nyingine.

Wakoloni walitoa pia senti 50 na senti 25 za fedha kati ya 1906 na 1919, zenye maneno East Africa & Uganda Protectorates. Hizo ni sehemu 800 kati ya 1000. Ni ndogo, nyembamba, na watu huzitupa pamoja na vifungo vya shati.

Upande wa Nakuru, kwenye nyumba za mashamba ya zamani ya walowezi, utakutana zaidi na sarafu za Uingereza. Kanuni ya zile nyeupe ni fupi: hadi 1919 ni 925, kuanzia 1920 hadi 1946 ni 500, na kuanzia 1947 hakuna kitu.

Reale yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria, haina haja ya kusomwa mwaka. Zote zimeandikwa 1780, hata zilizopigwa karne moja na nusu baadaye, kwa sababu wafanyabiashara wa Uhabeshi na Uarabuni walikataa kupokea tarehe nyingine. Hapo unategemea uzito: gramu 28.07, na kiwango cha 833.

Sumaku na sauti

Pitisha sumaku. Fedha haivutwi. Ikivutwa, ni chuma kilichopakwa au nikeli tupu, maliza shughuli. Isipovutwa bado hujathibitisha lolote, kwani shaba, risasi na nikeli iliyochanganywa na shaba nazo hazivutwi. Katika mkebe kulikuwa na mkufu ulioandikwa 925 vizuri kabisa, na sumaku ikaunyakua kutoka mezani. Angalizo: kwenye mkufu halali, kile kispringi cha ndani ya kifungo huweza kuwa cha chuma, kwa hiyo jaribu kwenye pete za mkufu, usijaribu kifungoni.

Sauti: tuliza sarafu kwenye ncha ya kidole, uigonge taratibu kwa kalamu. Sarafu yenye fedha nyingi hulia nyembamba na ndefu. Shilingi ya robo hailii vile. Kipimo hiki ni cha kukuongoza tu.

Kipimo cha maji

Hiki ndicho ninachokiamini kuliko vyote vya nyumbani, na hakiharibu chochote. Kila metali ina uzito wake kwa ujazo wake. Sentimita moja ya ujazo ya fedha safi ina gramu 10.49, ya shaba 8.96, ya risasi 11.34.

Tulifanya hivi na rupia ya 1907. Kwanza tuliipima ikiwa kavu: gramu 11.48. Ikiwa mpya ingekuwa 11.66, lakini imepita mikono mingi. Kisha tukaweka kikombe cha maji juu ya mizani na kuirudisha kwenye sifuri. Rupia tukaifunga uzi mwembamba wa kushonea, nikaishikilia kwa juu, nikaizamisha yote bila kugusa chini wala ukingoni. Hapa mkono usitetemeke. Mimi hufunga uzi kwenye kijiti kilicholazwa juu ya vitabu viwili. Mapovu yakiganda kwenye sarafu yapanguse, maana povu moja linaharibu hesabu. Mizani ikasoma 1.11. Namba hiyo ndiyo ujazo wa sarafu. Gawanya: 11.48 kwa 1.11, unapata 10.34.

Sasa linganisha. Fedha ya 925 au 917 hutoa kama 10.3, ya 800 hutoa 10.1, ya nusu hutoa kati ya 9.5 na 9.7, ya robo 9.3. Shaba na nikeli hutoa 8.9. Rupia bandia ya uzito ule ule ingesoma karibu 1.29 majini badala ya 1.11.

Kwa vitu vidogo kama sumni, kosa dogo la mkono hukuletea jibu la uongo. Pima mara tatu uchukue wastani, au pima kadhaa za aina moja kwa pamoja.

Vijiko, vikombe na vito vyenye chapa

Kwa vitu visivyo sarafu, chukua lenzi usome mgongo wa mpini. Namba 800, 830, 835, 900, 925, 958 na 999 ni sehemu za fedha kati ya elfu. Neno Sterling ni 925. Vitu vya Uingereza huwa na mistari ya chapa ndogo: simba anayetembea ni uthibitisho wa 925, kichwa cha chui ni London, nanga ni Birmingham, taji lilikuwa la Sheffield hadi lilipobadilishwa kuwa waridi mwaka 1975, na herufi moja inaonyesha mwaka.

Sasa mtego. EPNS maana yake ni kitu kilichochovywa fedha nje, ndani ni shaba, nikeli na zinki. Wenye viwanda waliipiga kila herufi ndani ya ngao yake ndogo, E hapa, P pale, N, S, zikapangika sawasawa kama chapa za kweli. Ukitazama haraka bila lenzi unaona ngao nne na kuapa ni Sterling. Mama alikuwa na kijiko cha namna hiyo, kizito na kizuri, ambacho familia nzima iliamini ndicho chenye pesa. Kando yake kulikuwa na kijiko chembamba cha chai, kimepinda, chenye simba na nanga. Kile kizito tukakigeuza: kwenye ukingo, palipochakaa, palionekana umanjano. Kijiko cha fedha ya kweli hakina rangi nyingine chini yake.

Maneno German silver, nickel silver na Alpacca nayo hayana fedha hata chembe. Jina tu.

Kumbuka pia kwamba chapa hupigwa na mtu, na mtu anaweza kudanganya. Na kinyume chake: bangili na vikuku vilivyotengenezwa na masonara wa Kihindi au wa pwani mara nyingi havina chapa, lakini ni fedha nzuri. Hapo rudi kwenye maji, halafu sonara.

Sonara ana jiwe jeusi. Hukwaruza kitu juu yake, akadondoshea asidi kwenye ule mstari. Asidi yake ya kupimia fedha ikigeuka nyekundu ya damu, ni fedha ya kiwango cha juu. Ikielekea kijani, ni shaba. Mwambie akwaruze ukingoni, mahali pasipoonekana, na asidondoshe asidi juu ya sarafu yenyewe. Wewe nyumbani usiinunue. Inaunguza ngozi, na moshi wake si wa kuvutwa na mtu anayeishi chumba kimoja na watoto.

Medali za Keya

Keya ni askari wa King's African Rifles, jeshi la wakoloni. Medali zao usizichanganye na vyuma. Medali ya Vita vya Kwanza yenye mpanda farasi na miaka 1914 na 1918, ya rangi nyeupe, ni fedha. Ile ya Vita vya Pili iliyoandikwa 1939–1945, nyeupe pia, ni shaba na nikeli. Ila zungusha ukingo: kukiwa na namba na jina la askari wa King's African Rifles, thamani yake haipo kwenye gramu tena. Kuna watu wanaotafuta majina hayo, na kuna wajukuu watakaoyatafuta kesho.

Hesabu ya thamani

Bei ya fedha duniani hutajwa kwa dola kwa aunsi. Aunsi ya madini ya thamani ni gramu 31.1, si 28.35 ya dukani. Mnunuzi akikulipa "kwa aunsi", muulize ni aunsi ipi. Masonara wengine bado wanahesabu kwa tola, na tola moja ni gramu 11.66. Umeuona uzito huo mahali? Ni rupia. Rupia yenyewe ilikuwa tola, na wenye maduka waliitumia kama jiwe la mizani.

Chukua bei ya siku, gawanya kwa 31.1, zidisha kwa dola ya siku hiyo kwa shilingi. Hiyo ndiyo bei ya gramu moja ya fedha safi. Kisha zidisha uzito wa kitu kwa kiwango chake (925 ni 0.925), halafu kwa bei hiyo ya gramu. Kwa urahisi wa mfano, fanya gramu ni shilingi 100. Wewe tumia bei ya leo. Mkebe wa mama ulitoka hivi, nikitumia uzito wa sarafu zikiwa mpya (kwa zilizochakaa punguza kidogo):

Shilingi 4 za kabla ya 1948, fedha safi gramu 7.78, shilingi 778.
Sumni 1 ya 1943, gramu 0.97, shilingi 97.
Florini ya 1920, gramu 5.83, shilingi 583.
Rupia ya 1907, gramu 10.69, shilingi 1,069.
Rupia ya 1944, gramu 5.83, shilingi 583.
Kijiko cha simba na nanga, gramu 18 kwa 925, gramu 16.65, shilingi 1,665.

Jumla 4,775. Yule wa kilo alikuwa amempa bei ambayo haikufika hata thamani ya kijiko kilichopinda.

Hiyo ni sakafu, bei ya madini. Mnunuzi hatakupa yote, kwa sababu ana gharama ya kuyeyusha na faida yake. Unachotaka ni kujua anakata kiasi gani. Juu ya sakafu kuna bei ya mkusanyaji, na hapo mwaka, alama ya kiwanda na hali ya sarafu ndivyo vinavyosema. Florini ya 1920 isiyosuguliwa ina wateja wanaolipa zaidi ya gramu zake. Shilingi ya 1944 iliyochakaa haina, ziko nyingi mno. Iliyotobolewa ili ivaliwe shingoni imepoteza mkusanyaji, lakini madini yake yapo.

Kuuza bila kujuta

Piga picha pande zote mbili kwenye mwanga wa dirisha, bila flashi, na rula kando. Tafuta bei kwa angalau watu watatu, mmoja wao akiwa mkusanyaji. Simama pale mizani ilipo, uione sifuri kabla kitu hakijawekwa. Sarafu zako zisiingizwe chumba cha nyuma "kupimwa".

Usiyeyushe. Ukiyeyusha unaua bei ya mkusanyaji, na donge la fedha mkononi mwako linakuwa madini ghafi, ambayo biashara yake nchini inataka leseni.

Na kama kitu kiliingia au kutengenezwa nchini kabla ya 1895, sheria ya makumbusho ya mwaka 2006 inakihesabu kuwa kitu cha kale, na kukitoa nje ya Kenya kunahitaji kibali. Rupia za Mombasa za 1888 zinaangukia hapo. Mnunuzi wa mtandaoni aliye ng'ambo hatakukumbusha. Makumbusho ya Kisumu yako njiani kuelekea Kericho, nenda ukaulize kabla ya kufunga bahasha.

Utakazobaki nazo ziweke kila moja kwenye bahasha ya karatasi, mahali pakavu. Ile mifuko laini ya plastiki yenye harufu hutoa ute wa kijani unaokula sarafu. Huku karibu na ziwa unyevu ni mwingi, kwa hiyo tia punje za mchele mbichi kwenye kikopo, nje ya bahasha, na uzibadilishe kila baada ya miezi michache.

Mama aliuza shilingi nne, sumni na kijiko. Rupia ya 1907 akaifunga kwenye pembe ya leso, fundo mbili. Otonglo zile mia na ushei alizirudisha kwenye mkebe, akaniomba nimshikie kifuniko.